Punje Sitini na Mbili

Kitu gani mtoto hukibeba mgongoni kikiwa chepesi kama jani, na uzito wake ukamwangukia mama? Ni ripoti ya shule. Siku ya kufunga mwaka, Nyawira alikaa kwenye benchi la tatu katika darasa la Gredi ya Nane, magoti yamebanwa na dawati la watoto, akingoja uzito huo umwangukie.

Shule yenyewe iko Tetu, juu ya mteremko wa majani chai, na wazazi wengi walikuwa wamekuja na gambuti zao, tayari kurudi shambani. Mwalimu mkuu, Madam Gacheri, mama wa Meru mwenye sauti ya kufika barabarani, alikuwa akisoma majina na alama za sayansi mbele ya wote. Ndiyo desturi ya pale. Mtoto akifanya vizuri mzazi hupigiwa makofi. Akifanya vibaya, watu huangalia viatu vyao.

"Griffins wa Kinyua, hamsini na nane." Makofi. Kinyua, mwenye duka la mabati na misumari, na tena mwenyekiti wa bodi ya shule, aliinua kofia kidogo.

"Kagure wa Nyawira. Hamsini na tatu."

Watu waliangalia viatu.

"Mama Kagure, kuja hapa mbele," Madam Gacheri akasema. "Hapa kwetu tulikubaliana, sayansi ikiwa chini ya hamsini na tano, tunaongea na mzazi. Siku hizi hatuwezi kulazimisha mtoto kurudia darasa. Ni makubaliano tu. Unaweka sahihi hapo chini."

Karatasi ilikuwa imeshachapishwa: *Mimi mzazi nimekubali kwa hiari yangu mtoto wangu arudie Gredi ya Nane.* Nyawira alitaka kuuliza kitu, lakini hakujua aanzie wapi. Mwalimu kwake alikuwa mtu wa kuitikiwa, hata akiwa amekosea jina lako.

"Si walikuwa Kutus hawa, kule sokoni?" Kinyua akasema kwa nyuma, kama anajisemea. "Huko watoto wanasoma bei ya nyanya."

Darasa lilicheka. Hata mama aliyekaa karibu na Nyawira alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nyawira aliinama kuandika. Biro ikakataa. Akaipiga kiganjani, ikakataa tena, na watu wote wakangoja mpaka Madam akachomoa nyingine kwenye nywele zake. Sahihi ikatoka imepinda.

Kagure alikuwa mlangoni pamoja na watoto wengine. Alimwona mama yake akirudi kwenye benchi ameshika ripoti kwa mikono miwili, akageuka na kushuka mteremko mbio, bila kuaga mtu.

* * *

Nyawira alipofika nyumbani, mama yake, Ngendo, nyanya ambaye Kagure alimwita Cucu, alikuwa uani amekaa kwenye gunia, anachambua mahindi ya mbegu. Ngendo alisoma mpaka Darasa la Nne, akatolewa kwenda kuchunga ndugu zake. Lakini hiyo miaka minne alikuwa ameitumia vizuri: alisoma kila karatasi iliyoingia kwake, hata ile ya kufungia nyama.

"Huyu mtoto amekuja hapa analia kama amefiwa, akaingia kwa ng'ombe," Ngendo akasema. "Kuna nini?"

"Atarudia."

"Nani amesema?"

"Shule. Na mimi pia." Nyawira alimpa ripoti. "Nimeshaweka sahihi, Mami. Ningefanya nini? Watu wote walikuwa wananiangalia."

Ngendo hakumkaripia. Alichukua miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi, akasoma pole pole, midomo ikitembea. Chini ya ripoti kulikuwa na namba nne zimepangwa kwa mstari: 20, 40, 80, 70. Kisha 53.

"Kagure! Wee kairitu! Kuja hapa na uache hiyo ng'ombe, haijakukosea."

Kagure alitoka zizini na macho mekundu. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kupita mama yake, na siku hiyo alitembea kama anataka kuwa mfupi.

"Nielezee hizi namba. Hii ishirini ni ya nini?"

"Opena, Cucu. Jaribio ya kufungua mwaka. Si tulikuwa tumehama juzi? Nilikuwa na siku tisa kwa hiyo shule."

"Arobaini?"

"Ya katikati. Themanini ni mradi, ile kikausha mboga nilitengeneza hapa na karatasi ya plastiki."

"Ile ilikausha sukuma yangu yote nikakosa ya kupika. Najua. Na sabini?"

"Mtihani ya mwisho."

Ngendo aliangalia namba tena. Ishirini, arobaini, themanini, sabini. Alimwangalia mjukuu wake, akaangalia namba. "Huyu mtoto anapanda," akamwambia Nyawira. "Unaona? Anapanda hivi, na wao wanasema arudi chini."

"Ndiyo wamejumlisha, Mami. Wamegawanya na nne. Hata mimi nimegawanya kwa simu. Inatoka hiyo tu."

"Lakini Cucu," Kagure akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Mwalimu Mutahi wa sayansi alisema hazigawanywi hivyo. Alituambia tangu Januari. Ameandika kwa ukuta. Opena ina alama kumi peke yake. Ya katikati, ishirini. Mradi, thelathini. Ya mwisho, arobaini. Jumla inakuwa mia."

"Kwa nini opena ikapewa kidogo?"

"Alisema inauliza vitu za wiki mbili, na ya mwisho inauliza mwaka mzima. Ati haziwezi kuwa na uzito sawa."

Sasa hapo Ngendo alivua miwani. Mambo ya uzito alikuwa anayajua. Miaka mingi alikuwa amepeleka maziwa kwa chama cha wafugaji, na hakuna karani aliyewahi kumdanganya mara mbili.

"Nikikuuliza hivi," akamwambia Kagure. "Asubuhi tunakama lita kumi, maziwa mepesi. Jioni lita mbili, mazito. Nikimimina yote kwa mkebe mmoja, karani akisema huu mkebe uko katikati kabisa, ya mazito na mepesi, amesema kweli?"

"Hapana. Ya asubuhi ni mingi. Itakuwa karibu na mepesi."

"Ehe. Sasa leteni mahindi."

Walihesabu punje mia moja, wakazipanga mafungu manne juu ya gunia: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Kila punje ilikuwa alama moja ya kupigania.

"Opena ulipata ishirini kwa mia," Ngendo akasema. "Kwa kila kumi, mbili. Hapa kuna kumi. Chukua zako."

Kagure alichukua mbili.

"Ya katikati, kwa kila kumi ulipata nne, na hapa kuna kumi mara mbili."

"Nane."

"Mradi?"

"Nane mara tatu. Ishirini na nne." Sauti ya Kagure ilikuwa imeanza kurudi.

"Ya mwisho, saba mara nne. Usiniangalie mimi, angalia mahindi."

Kuku mmoja alikuja akadonoa punje kwenye fungu la mwisho. Nyawira alimfukuza kwa kandambili, na Ngendo akarudisha punje nyingine mahali pake. "Ya kuku haiwezi kukatwa kwa mtoto," akasema. Kisha wote watatu walihesabu zile za Kagure, kila mmoja kivyake, kwa kunong'ona.

"Sitini na mbili," Kagure akasema.

"Sitini na mbili," Nyawira akasema. Aliketi chini kwenye udongo na nguo yake nzuri. "Na mimi nimeweka sahihi."

"Sahihi ni wino tu," Ngendo akasema. "Kesho tunaenda."

* * *

Kesho yake walifika asubuhi, watatu, Ngendo amevaa kitambaa cha kanisani. Mwalimu Mutahi alikuwa peke yake darasani anabandua chati. Alikuwa kijana mwembamba wa mwaka wa pili kazini, na alipomwona Kagure na watu wake, alijua mara moja wamekuja kwa nini.

Ile karatasi ilikuwa bado ukutani, karibu na dirisha. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Ngendo aliisoma yote kwa sauti.

"Mwalimu," akasema, "hii iliandikwa na mkono wako?"

"Ni mkono wangu, Cucu."

"Na ile hamsini na tatu?"

Mutahi alikunja chati, akaikunjua. "Fomu ya ofisi inataka kila kitu kwa mia," akasema. "Nikawapelekea ishirini, arobaini, themanini, sabini, vile zilivyo. Nilikuwa nipeleke na uzito wake, karatasi kando. Ofisini wakaniambia hapa sisi hujumlisha na kugawanya, imekuwa hivyo kutoka zamani. Nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?" Nyawira akauliza. Hakuwa amepanga kuuliza. Maneno yalitoka tu, makali.

"Mimi ni wa kuandikwa na bodi, Mama Kagure. Kila Desemba natoka, kila Januari naomba upya." Aliinamisha kichwa. "Na kuna kitu kingine. Nikirekebisha ya Kagure, lazima nirekebishe ya kila mtu. Nimeshapiga hesabu. Wengi hawabadiliki sana. Lakini Griffins wa mwenyekiti ana hamsini na nane. Kwa njia ile niliyowaambia watoto, ana arobaini na nane."

Nje mtu alikuwa anafagia veranda.

"Kwa hivyo wangu abaki chini ili wa mtu mwingine abaki juu?" Nyawira akasema.

Ngendo alimwangalia Mutahi, akamhurumia, lakini si sana. "Mwalimu," akasema, "hawa watoto uliwaambia Januari mzani utakuwa hivi. Wakalima wakijua hivyo. Sasa wakati wa kupima unabadilisha mzani? Kama ni wewe karani wa maziwa, tungekufukuza kwa mkebe."

Mutahi alicheka bila kutaka. Kisha alibandua ile karatasi ukutani, taratibu, isiraruke. "Twendeni," akasema.

* * *

Ofisini walimkuta Madam Gacheri na Kinyua, ambaye alikuwa amekuja kupima mahali pa kuweka mifereji ya maji ya mvua. Kulikuwa na viti viwili vya wageni. Kinyua alikalia kimoja, na futi yake ya kupimia ikakaa kwenye kile kingine. Hakuitoa. Ngendo alisimama.

Mutahi alieleza. Alianza vibaya, akarudia, lakini alieleza mpaka mwisho, na karatasi akaiweka mezani.

"Lakini kompyuta imegawanya," Madam Gacheri akasema. "Kompyuta haina jirani wala ndugu, Cucu. Haipendelei mtu."

"Iliambiwa nini, hiyo kompyuta?"

"Iliambiwa zote ziko sawa," Mutahi akasema. "Mimi ndiye sikusema haziko sawa."

"Ai, tusianze haya maneno," Kinyua akasema. "Kila mtu amepewa zake, mzazi ameweka sahihi mbele ya watu. Mama mwenyewe yuko hapa. Kuna mtu alikushika mkono?"

Nyawira alimgeukia. "Hakuna mtu alinishika mkono. Ulinicheka, ndiyo nikaharakisha."

Kinyua aligeukia dirisha.

"Madam," Ngendo akasema, "unakubali kitendawili?"

Kuna watu ambao ukisema neno hilo hawawezi kujizuia, na Madam Gacheri, aliyelelewa na nyanya yake huko Meru, alikuwa mmoja wao. "Tega," akasema kabla hajafikiri.

"Nina mtungi mkubwa wa uji mwepesi na kikombe kimoja cha uji mzito. Nimechanganya kwa sufuria. Nakunywa uji gani?"

"Uji wa katikati."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Ngoja, ngoja." Madam alifikiri, akakunja uso. "Mwepesi! Nakunywa mwepesi, kwa sababu mtungi ni mkubwa."

"Umechelewa. Mji."

"Haya, chukua Chuka."

"Chuka ni ndogo. Nipe Meru yote."

"Meru yote? Cucu, huruma!" Madam Gacheri alikuwa anacheka, na katikati ya kicheko macho yake yakaanguka kwenye karatasi ya Mutahi. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Kicheko kikaisha chenyewe. Alivuta kikokotoo cha mezani akaanza kubonyeza. Alipofika kwa Kagure akaandika 62. Aliendelea na wengine, jina kwa jina, na chumba kizima kilisikiliza vidole vyake.

"Mwenyekiti," akasema mwishowe, na sauti yake haikufika barabarani safari hii. "Griffins ana arobaini na nane."

"Haiwezekani. Huyo kijana alikuwa na tisini!"

"Alikuwa," Ngendo akasema.

Madam alimgeuzia Kinyua karatasi ili asome mwenyewe. Tisini kwenye opena. Sabini katikati ya mwaka. Thelathini kwenye mradi. Arobaini kwenye mtihani wa mwisho.

"Mradi gani thelathini?" Kinyua akauliza. "Ile mashine ya kusukuma maji? Ile nililipa fundi wa Nyeri kuitengeneza!"

Akasikia alichosema. Mutahi aliangalia dari. Ngendo alikuwa na maneno mawili matatu ya Kutus na bei ya nyanya yaliyomjia ulimini, matamu kabisa, lakini alimwona mtu huyo akishuka na kidole chake kwenye zile namba, tisini, sabini, thelathini, arobaini, mara ya kwanza, mara ya pili, akayameza.

"Ameanguka mwaka mzima," Kinyua akasema. "Hivi ndivyo ameanguka, na mimi napigiwa makofi. Mbona hakuna mtu aliniambia?"

"Hamsini na nane ilifunika," Mutahi akasema kwa upole. "Ukigawanya sawa, wa kupanda na wa kushuka wanaonekana kama mtu mmoja."

Kinyua aliondoa futi yake kwenye kiti. "Kaa, Cucu," akasema. "Mimi sitaki kijana wangu arudie."

"Hata mimi sikutaka wangu," Nyawira akasema.

Madam Gacheri alichukua ile karatasi ya makubaliano yenye sahihi iliyopinda. Aliiangalia, akaichana mara mbili, akaweka vipande kwenye droo kama mtu anayeficha kitu cha aibu. "Hakuna mtu atarudia," akasema. "Walio chini ya hamsini na tano watakuja wiki mbili za likizo kwa Mwalimu Mutahi. Na Griffins ataieleza hiyo mashine mpaka tuielewe. Mwalimu, andika ripoti zote upya. Zote. Halafu bandika orodha nje, na uzito wake juu, kila mtu aone tumehesabu vipi."

"Na mkataba wangu, Madam?" Mutahi akauliza, kwa sababu ofisi ilikuwa tayari imejaa ukweli na mwingine mmoja usingeimwaga.

Madam alimwangalia Kinyua. Kinyua alijikuna shingo. "Mtu wa kumfundisha kijana wangu likizo," akasema, "nitamfukuzaje Desemba?"

* * *

Mutahi aliandika ripoti ya Kagure kwanza, palepale kwenye veranda, karatasi juu ya goti. Alipofika kwenye namba ya kwanza akasimamisha kalamu.

"Kagure," akasema, "naweza kuiacha hii opena. Ulikuwa na siku tisa shuleni, hata Madam hawezi kukataa. Nikiiacha, nikihesabu hizi tatu peke yake, unapata sitini na saba."

Nyawira alishika mkono wa binti yake. Sitini na saba! Hakuna mtoto wa jirani aliyekuwa na sitini na saba. Ngendo aliangalia majani chai ng'ambo kana kwamba jambo hilo halimhusu.

Kagure alifikiri. Alikuwa amesimama wima, urefu wake wote.

"Usiifute, Mwalimu," akasema. "Iache ishirini. Wengine wamehesabiwa zao zote nne."

"Una uhakika?"

"Niko na uhakika. Na ukiifuta, watu watajuaje nimetoka wapi?"

Mutahi aliandika 20, vizuri, kwa wino mweusi.

Saa sita orodha ilibandikwa nje ya ofisi. Habari ilikuwa imeshashuka mteremko na kupanda tena, na wazazi walirudi kutoka kuchuma chai, vikapu mgongoni, wakasukumana mbele ya ukuta. Mama yule aliyejifanya anakohoa alikuwa nyuma kabisa, haoni.

"Nisomeeni wa Nyawira," akaita. "Amepata ngapi?"

Nyawira alikuwa mbele. Angeweza kusema sitini na mbili, ingetosha. Aliweka kidole mwanzo wa mstari wa binti yake, akaanza kusoma kwa sauti ya kufika barabarani.

"Ishirini!" akasema. "Arobaini! Themanini!"